Malkia Eleanor wa Castile: fedha na mashamba yake yaliendeshwaje?

Kalamu ya Mwanzi

Wakuu, salaam. Naandika mchezo wa redio wa vipindi kadhaa kuhusu Eleanor wa Castile, mke wa Mfalme Edward I wa Uingereza. Tarehe kubwa ninazo: kuolewa 1254, kutawazwa 1274, kufariki 1290. Ninachokosa ni utendaji. Kila ninaposoma nakuta ama mke mpenzi aliyemfuata mumewe hadi kwenye Vita vya Msalaba, ama bibi mwenye uchu wa ardhi za watu. Kazi yenyewe ilivyokwenda haielezwi.

Naomba msaada hapa: malkia ambaye hakuwa mtawala bali mke wa mfalme alipata fedha kwa njia zipi hasa, na nani alizikusanya? Yale mashamba aliyapataje? Watoto walilelewa na nani ilhali yeye yuko njiani mwaka mzima? Kisa cha kunyonya sumu kwenye jeraha la mumewe kina ukweli? Na safari ya maiti yake na ile misalaba ilipangwaje? Nataka mhusika akizungumzia hesabu, aseme jambo ambalo karani wa miaka ile angelikubali.

Karatasi Kuukuu

Mkuu, anza na jambo moja ambalo waandishi wengi wanaliruka, kisha mengine yatafunguka yenyewe: wakati Eleanor anakuwa malkia, Uingereza ilikuwa na malkia wawili. Henry III alifariki tarehe 16 Novemba 1272, akamwacha mjane wake, Eleanor wa Provence, mama yake Edward. Mjane huyo aliishi mpaka Juni 1291. Kwa desturi, mke wa mfalme hutengewa ardhi za kumtunza atakapofiwa na mumewe, na si kabla ya hapo. Kwa hiyo ardhi za malkia zilikuwa mikononi mwa mkwe, na Eleanor wa Castile alifariki miezi saba kabla ya mkwe wake. Fungu lake la ujane hakuligusa hata siku moja.

Sasa mke wa mfalme ana watumishi, makarani, farasi, sadaka na zawadi za kutoa. Edward hakutaka kumegua ardhi za taji. Njia waliyoichagua ni malkia ajikusanyie ardhi mpya, kwa nguvu na kibali cha mfalme, ili baadaye ziwe akiba ya malkia watakaofuata. Hili ndilo linaloeleza bidii yake. Mpaka anafariki, mashamba aliyojipatia yalikuwa yakiingiza zaidi ya pauni 2,500 kwa mwaka.

Vyanzo vyake vikubwa vilikuwa vitatu. Cha kwanza kiliitwa dhahabu ya malkia. Mtu akitaka fadhila kutoka kwa mfalme, kwa mfano kibali cha kurithi, leseni au msamaha, aliahidi malipo ya hiari. Malipo hayo yakifika marki 10 au zaidi, juu yake iliongezwa sehemu moja ya kumi kwa ajili ya malkia. Zingatia kuwa ni nyongeza, haikatwi kwenye fungu la mfalme. Marki haikuwa sarafu, ilikuwa kipimo cha hesabu tu: shilingi 13 na peni 4, yaani theluthi mbili za pauni. Aliyeahidi marki 100 alikuwa anadaiwa na mfalme pauni 66, shilingi 13 na peni 4, na juu yake anadaiwa na malkia pauni 6, shilingi 13 na peni 4. Malkia alikuwa na karani wake mwenyewe ndani ya Hazina kwa kazi hiyo. Fedha waliyotozwa Wayahudi nayo ilikuwa na fungu hilo la malkia. Ubaya wa chanzo hiki ni kwamba hakitabiriki. Mwaka wenye vibali vichache ni mwaka wa ukame, na wadaiwa walichelewesha kwa makusudi.

Cha pili ni urithi. Mama yake, Joan, alikuwa mtawala wa kaunti ya Ponthieu kaskazini mwa Ufaransa, mji mkuu Abbeville. Joan alifariki 1279 na Eleanor akairithi kwa haki yake mwenyewe. Mwaka huohuo yeye na Edward walikwenda Amiens kumalizana na mfalme wa Ufaransa. Kwenye mchezo wako usimwite malkia tu, maana huko Ponthieu yeye ndiye aliyekuwa mtawala halali, na Edward alikuwa pale kwa kuwa ni mume wake.

Cha tatu, kilicholeta manung'uniko, ni madeni. Fuata hatua zake vizuri. Bwana fulani wa ardhi amekopa kwa mkopeshaji Myahudi, na ardhi yake ndiyo dhamana. Hati ya deni inaandikwa nakala mbili, moja inawekwa kwenye sanduku rasmi la mji chini ya ulinzi wa maofisa wa mfalme. Mfalme anawatoza Wayahudi kodi nzito kupita uwezo wao. Mwaka 1275 sheria ikapiga marufuku riba, wakabaki na madeni wasiyoweza kuyakuza wala kuyakusanya haraka. Mkopeshaji asipolipa kodi, hati zake zinachukuliwa na mfalme. Mfalme anamkabidhi mkewe hati hizo. Maofisa wa malkia wanamwendea mdaiwa: lipa yote, au toa ardhi. Wengi walitoa ardhi, na mara nyingine walipewa fedha kidogo juu yake au waliruhusiwa kuishi hapo hadi kufa.

Kasri la Leeds huko Kent alilipata hivyo mwaka 1278, kutoka kwa William de Leybourne. Langley ya Hertfordshire ilitoka kwa Stephen de Chenduit, na Torpel ya Northamptonshire kwa John de Camoys, wote wakiwa wamezama kwenye madeni. Na ukiandika shamba, mwelezee msikilizaji kwamba si konde peke yake. Ni kijiji kizima: wakulima waliofungwa na ardhi, kinu ambacho lazima wasage hapo, msitu, na baraza linalosikiliza kesi ndogo na kutoza faini. Anayelimiliki anavuna vyote hivyo.

Wakusanyaji walikuwa makarani na wasimamizi. Geoffrey de Aspale aliongoza ofisi yake ya fedha na mali za nyumbani, mtu msomi aliyeandika pia ufafanuzi wa vitabu vya Aristotle. Hugh de Cressingham alikuwa msimamizi wake mkuu. Huyu ndiye aliyekuja kuwa mweka hazina wa Edward huko Uskoti na kuuawa kwenye vita vya Stirling Bridge mwaka 1297. Ukitaka mhusika mkali wa kubisha hodi mlangoni kwa mdaiwa, umeshampata.

Bint Pwani

Nashika la ndoa na watoto, maana Karatasi ameshamaliza la ardhi.

Walifunga ndoa tarehe 1 Novemba 1254 kwenye nyumba ya watawa ya Las Huelgas, Burgos. Edward alikuwa na miaka 15, Eleanor takribani 13. Ndoa ilikuwa kifungu cha mkataba: Alfonso X wa Castile, kaka yake Eleanor kwa baba, alikuwa akidai Gascony, ardhi ya mfalme wa Uingereza kusini-magharibi mwa Ufaransa. Kwa ndoa hii aliyaachia madai yake. Bibi harusi alipofika London mwaka 1255, vyumba vyake Westminster vilikuwa vimepambwa kwa mazulia na vitambaa vya kuning'iniza kwa mtindo wa Kihispania, na watu wa London walilalamika kuhusu anasa za wageni. Chuki dhidi ya ndugu wa kigeni wa malkia ilikuwa tayari inachemka wakati huo. Eleanor wa Provence alikuwa amewaleta wajomba na jamaa zake wa Savoy, wanaume waliopewa vyeo, ardhi na uaskofu, na mabwana wa Uingereza wakachoka.

Eleanor wa Castile alijifunza kutokana na hilo. Jamaa zake wa kiume hakuwagawia ardhi za Uingereza. Alileta zaidi mabinti wa ukoo wake, hasa wa upande wa mama, akawaoza kwa mabwana wakubwa. Isabella de Beaumont aliolewa na John de Vescy, Margaret de Fiennes akaolewa na Edmund Mortimer. Binti anayeolewa hahitaji kupewa kaunti, anaingia kwenye mali ya mumewe. Malkia akapata sikio katika kila nyumba kubwa bila kumnyang'anya mtu cheo. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yake bora kabisa ya kisiasa, na haipewi uzito unaostahili kwa sababu haikuacha jengo wala sheria.

Watoto walikuwa angalau 14, wengine wanahesabu 16. Waliobaki hai alipofariki walikuwa sita: Eleanor, Joan, Margaret, Mary, Elizabeth na Edward. Wavulana walikufa mmoja baada ya mwingine. John alikufa 1271 akiwa na miaka mitano wakati wazazi wako vitani. Henry alikufa 1274 akiwa na miaka sita. Alphonso, aliyezaliwa Bayonne 1273, alikufa Agosti 1284 akiwa na miaka 10, miezi minne baada ya mdogo wake kuzaliwa Caernarfon, Wales, tarehe 25 Aprili. Huyo mdogo ndiye Edward II. Kasri la Caernarfon lilikuwa bado linajengwa, kwa hiyo usimweke mama mzazi kwenye ukumbi uliokamilika. Weka kelele za waashi na majengo ya muda ya mbao.

Malkia hakunyonyesha. Mtoto alipewa mama wa kumnyonyesha: mtoto wa Caernarfon alianza na Mary Maunsel, kisha akapewa Alice Leygrave. Watoto walikaa na watumishi wao wenyewe, wengine kwa bibi zao. Henry alilelewa na bibi yake wa Provence, na Joan, aliyezaliwa Acre (mji wa Nchi Takatifu, wakati wa Vita vya Msalaba) mwaka 1272, aliachwa kwa bibi yake huko Ponthieu mpaka 1278. Msimhukumu kwa kipimo cha leo. Mfalme na watu wake walihama kila baada ya siku chache, barabara mbovu, magonjwa mengi, na kazi ya kwanza ya malkia ilikuwa kuwa karibu na mfalme. Mtoto mchanga aliyeachwa mahali pamoja alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuishi.

Kisa cha sumu: acha. Juni 1272 huko Acre, muuaji aliyejifanya mjumbe alimjeruhi Edward kwa kisu. Walter wa Guisborough, mwandishi wa historia wa Uingereza, anasimulia kwamba tabibu ndiye aliyekata nyama iliyoharibika, na Eleanor alitolewa chumbani akilia. Aliyeingiza habari ya mke kunyonya sumu ni Ptolemy wa Lucca, mwandishi wa Italia, naye aliitaja kama kitu alichosikia. Onyesho la kweli lina nguvu zaidi: mwanamke aliyetoka kujifungua Joan, anasukumwa nje huku akisikia mumewe anakatwa.

Kalamu ya Mwanzi

Asanteni sana, hiki ndicho nilichokuwa natafuta. Bint Pwani, la Caernarfon limebadilisha kipindi kizima. Nina mawili ya nyongeza. Je, kuna hesabu za nyumbani kwake, mambo ya chakula na matumizi ya kila siku? Na watu walimwonaje wakati ule ule akiwa hai, si karne baadaye?

Daftari

Hesabu zipo, na nzuri zaidi ni za mwaka wake wa mwisho. Kabla hujazitumia, jifunze jinsi tarehe zinavyohesabiwa, maana hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Makarani hawakuandika 1290. Waliandika mwaka wa 18 wa Mfalme Edward. Mwaka wa utawala wake ulianza tarehe 20 Novemba, si Januari, kwa kuwa utawala ulihesabiwa kuanzia 20 Novemba 1272. Mwaka wa 18 basi ni kuanzia 20 Novemba 1289 hadi 19 Novemba 1290. Eleanor alifariki 28 Novemba 1290, hiyo tayari ni mwaka wa 19. Ukichukua tu 1272 na kujumlisha 18, matumizi ya Desemba 1289 utayapeleka Desemba 1290, wakati yeye yumo kaburini.

Fedha: pauni moja ina shilingi 20, shilingi ina peni 12, kwa hiyo pauni ni peni 240. Sarafu ya kila siku ilikuwa peni ya fedha. Pauni na shilingi ni za kwenye daftari, hakuna aliyekuwa nazo mfukoni. Mhusika wako akitupa pauni ya dhahabu mezani, karani wa zama hizo atakataa.

Chakula: kwenye hesabu za mwaka huo wa 18, merikebu kubwa ya Hispania ilitia nanga Portsmouth, na watu wa malkia wakanunua kikapu cha tini za Seville, kikapu cha zabibu kavu, robota la tende, makomamanga 230, malimau 15 na machungwa 7. Tazama hiyo tofauti: makomamanga mia mbili na thelathini, machungwa saba. Chungwa lilikuwa kitu cha kuhesabiwa mojamoja, na kwa mtu aliyekulia Castile lilikuwa ladha ya nyumbani. Huko Langley alikuwa na watunza bustani kutoka Aragon, waliorudi kwao baada ya yeye kufariki.

Vitabu: alikuwa na waandishi na wachoraji wa vitabu waliosafiri naye. Majina mawili yanatokea kwenye hesabu, Roger mwandishi na Godfrey mchoraji. Walihitaji ngozi za kuandikia, gundi, wino, rangi na dhahabu ya kupaka, vyote vikinunuliwa njiani. Kule Acre aliagiza kitabu cha Vegetius cha mbinu za vita kitafsiriwe Kifaransa kwa ajili ya Edward. Na Kifaransa ndicho walichozungumza nyumbani. Usimfanye asemezane na mumewe kwa Kiingereza.

Jambo la furaha kwa kipindi cha Pasaka: wakati wa Kwaresima mume na mke walijitenga. Jumatatu ya Pasaka wanawake wa malkia walimzingira mfalme kitandani, hawamwachii mpaka ajikomboe kwa fedha, ndipo aende chumbani kwa mkewe. Pasaka ya 1291, malkia hayupo tena, Edward aliwalipa wanawake wale fedha yao vilevile.

Karatasi Kuukuu

Kuhusu sifa yake akiwa hai: haikuwa nzuri, na usiifiche.

John Peckham, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliandika zaidi ya mara moja. Mwaka 1286 alimwandikia Geoffrey de Aspale kwamba uvumi umeenea nchi nzima: malkia anachukua mashamba ya waungwana ambayo Wayahudi waliyapata kwa riba, chini ya ulinzi wa mahakama ya mfalme. Alisema wazi kwamba anayefaidika na riba anashiriki dhambi yake. Pia alimlalamikia malkia mwenyewe kuhusu wasimamizi wake waliowakamua wakulima. Walter wa Guisborough amehifadhi wimbo wa watu, wenye maana kwamba mfalme anataka fedha yetu na malkia mashamba yetu mazuri.

Kosa la kiutendaji lilikuwa wapi? Kwanza, malkia alinunua ardhi iliyotawanyika kaunti nyingi, akaikabidhi kwa wasimamizi waliotakiwa kufikisha kiasi fulani cha mapato. Msimamizi aliye mbali, anayepimwa kwa fedha peke yake, atamkandamiza mkulima. Pili, mkulima alipotaka kulalamika, alikwenda kwenye baraza la nani? La yule yule msimamizi. Tatu, mdaiwa alikuwa akishindana na mtu ambaye mumewe ndiye mkuu wa mahakama zote.

Eleanor mwenyewe alilijua hilo. Kabla ya kufa aliomba walioonewa na maofisa wake warudishiwe haki. Mwaka 1291 majaji wakiongozwa na Ralph de Ivingho walizunguka kwenye mashamba yake kusikiliza malalamiko, na kumbukumbu za kesi hizo zimebaki. Wakulima wa kawaida wanaongea humo: nilinyang'anywa ng'ombe, nilifungwa bila kosa, nilitozwa kodi niliyokwisha kulipa. Ukizipata hizo, acha mambo mengine yote uzisome kwanza.

Bint Pwani

Nakubaliana na yote hayo ila naongeza moja. Walioumia zaidi si wale waungwana waliopoteza mashamba, kwa kuwa wao walikopa kwa hiari na wengi walipewa masharti ya kuridhiana. Walioumia zaidi ni Wayahudi wenyewe. Walikamuliwa kodi mpaka wakafilisika, mwaka 1278 na 1279 mamia walinyongwa kwa tuhuma za kukata kingo za sarafu, na tarehe 18 Julai 1290 Edward akatoa amri ya kuwafukuza wote Uingereza. Malkia alinufaika na kila hatua. Ni kweli alikuwa na Wayahudi aliowalinda. Hagin mwana wa Deulecresse alipata cheo cha kuongoza jamii yao mwaka 1281 kwa kuungwa mkono naye. Lakini kumlinda mtu mmoja huku ukichuma kutokana na maangamizi ya wenzake si rehema. Mwandishi akionyesha mdaiwa Mkristo peke yake kama mhanga, atakuwa amesimulia nusu ya habari.

Mwashi

Nichukue la safari ya maiti na misalaba.

Eleanor alikuwa dhaifu tangu 1287 huko Gascony, alipougua homa ya vipindi. Walirudi Uingereza Agosti 1289. Vuli ya 1290 mfalme na watu wake walikuwa Clipstone, msitu wa Sherwood, kisha wakaelekea Lincoln. Hakufika. Alilazwa Harby, kijiji cha Nottinghamshire, kwenye nyumba ya Richard de Weston, akafariki jioni ya 28 Novemba akiwa na miaka 49. Mfalme alikuwepo.

Maiti ilipelekwa Lincoln, kwenye nyumba ya watawa ya Mtakatifu Catherine, ikatayarishwa kwa safari ndefu. Viungo vya ndani vilitolewa na kuzikwa katika kanisa kuu la Lincoln. Moyo ulihifadhiwa kwa ajili ya kanisa la Wadominiko wa London, mwili kwa ajili ya Westminster. Mgawanyo huu ulikuwa na sababu mbili zinazokwenda pamoja: mwili usio na viungo vya ndani huchelewa kuoza, na makaburi matatu ni mahali patatu pa kuombewa. Mwili ulizikwa Westminster tarehe 17 Desemba, na moyo ukazikwa siku mbili baadaye pamoja na moyo wa mwanawe Alphonso, uliokuwa umehifadhiwa kwa miaka sita ukimsubiri.

Kila mahali jeneza lilipolala, Edward aliamuru ujengwe msalaba. Ni kumi na mbili kwa mpangilio huu: Lincoln, Grantham, Stamford, Geddington, Hardingstone nje ya Northampton, Stony Stratford, Woburn, Dunstable, St Albans, Waltham, Cheapside na Charing. Ukiangalia ramani utaona njia inapinda upande wa magharibi kupitia Geddington, haifuati barabara kuu iliyonyooka. Ilipita kwenye nyumba za kifalme na nyumba kubwa za watawa, penye paa la kulaza msafara na watu wa kukesha wakiomba.

Usimwambie msikilizaji kwamba ni msalaba kama wa juu ya kanisa. Ni mnara wa mawe wa ngazi kadhaa: chini kuna vidato, juu yake sehemu yenye ngao zilizochongwa, kisha vyumba vidogo vya wazi vyenye sanamu za malkia, na msalaba wenyewe uko kileleni tu. Ngao ndizo zinazotambulisha mnara: simba watatu wa Uingereza, kasri na simba wa Castile na León, na mistari ya mshazari ya Ponthieu. Ile ya tatu inarudi kwenye jambo alilosema Karatasi, kwamba kaunti ilikuwa yake mwenyewe.

Kazi ilianza 1291 na wasimamizi wa wosia waliandika malipo. Kwa sababu hiyo tunawajua mafundi. John wa Battle alisimamia mitano: Hardingstone, Stony Stratford, Woburn, Dunstable na St Albans. Michael wa Canterbury alipewa Cheapside kwa mkataba wa pauni 300. Charing ulianzwa na Richard Crundale na ukagharimu zaidi ya pauni 700, maana ndio uliokuwa wa mwisho na wa fahari kuliko yote. Sanamu zilichongwa na Alexander wa Abingdon na William wa Ireland, mbali na eneo la ujenzi, kisha zikasafirishwa kwa mkokoteni. Huo ni utaratibu mzuri wa kazi, mwashi hamsubiri mchongaji, lakini sanamu ikivunjika njiani mnara unabaki na uwazi.

Iliyosimama leo ni mitatu: Geddington, Hardingstone na Waltham. Geddington ndio uliobaki na umbo lake karibu lote, nao ni wa pembe tatu, tofauti na mingine. Hardingstone umepoteza kilele. Cheapside ulibomolewa 1643 na Charing 1647, wakati wa vita vya Bunge na mfalme. Mnara unaoonekana leo mbele ya kituo cha reli cha Charing Cross ni wa miaka ya 1860. Ule wa asili ulikuwa kusini kidogo, pale iliposimama sanamu ya Charles I juu ya farasi.

Kaburi la Westminster lina sanamu ya shaba nyeusi iliyotiwa dhahabu, kazi ya sonara wa London William Torel. Alitengeneza tatu kwa pamoja: ya Henry III, ya Eleanor kwa Westminster na nyingine yake kwa Lincoln. Dhahabu ya kupaka ilipatikana kwa kuyeyusha florini, sarafu za dhahabu, zilizonunuliwa kwa wafanyabiashara wa Lucca. Iliyopo Lincoln sasa ni nakala ya karne ya 19, ya asili iliharibiwa karne ya 17. Usitegemee sura ile kama picha yake halisi. Torel alimchonga malkia kijana aliyetulia, kama malkia anavyopaswa kuwa.

Kalamu ya Mwanzi

Mwashi, shukrani kubwa. La mwisho kabisa: mashamba yale na Ponthieu viliishia kwa nani?

Karatasi Kuukuu

Ponthieu, kwa kuwa ilikuwa urithi wa damu, ilikwenda kwa mwanawe Edward. Alikuwa na miaka sita tu, kwa hiyo baba yake aliiendesha kwa niaba yake.

Mashamba yalibaki kwa mfalme kwanza. Sehemu yake aliwapa watawa wa Westminster, yakiwemo Westerham na Birdbrook, yenye mapato ya pauni 200 kwa mwaka, ili waadhimishe siku ya kifo chake na kila Jumatatu wagawe peni moja moja kwa maskini 140. Piga hesabu: peni 140 ni shilingi 11 na peni 8 kwa wiki, karibu pauni 30 na theluthi moja kwa mwaka. Zilizobaki ni kwa ajili ya mishumaa, misa na watawa wenyewe.

Edward alipooa tena, Septemba 1299 huko Canterbury, bibi harusi Margaret wa Ufaransa alitengewa fungu la ujane ambalo ndani yake mlikuwa na mashamba mengi aliyoyakusanya Eleanor, Leeds likiwa mojawapo. Ukitaka onyesho la mwisho la mambo ya fedha, mweke karani anayemsomea Margaret orodha hiyo shamba kwa shamba, na kwa kila moja ataje lilitoka kwa nani.